Je, Takwimu za Mto Ruaha Zaweza Kuaminika?

Tarafa ya Idodi, katika Wilaya ya Iringa, imekaa mahali pa pekee kwa mtu anayejifunza elimu ya maji na hali ya hewa. Upande mmoja kuna nyanda za juu zenye ubaridi na mvua ya kutosha. Upande wa pili kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na katika hifadhi hiyo wapita Mto Ruaha Mkuu. Vijiji vya Idodi, Tungamalenga, Mahuninga na jirani zao vimo katika ukanda wa joto, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na mkulima wa mpunga hutegemea mifereji iletayo maji ya vijito vya milimani. Kwa mkazi wa hapo, swali la kama mvua inapungua au haipungui si swali la vitabuni tu. Jibu lake huamua nani alime, nani afuge, na nani aambiwe ahame.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukisimama kabisa wakati wa kiangazi, kwa kawaida kati ya Septemba na Desemba. Kabla ya hapo ulipungua sana katika miaka mibaya, lakini maji yalikuwa yakipita mwaka mzima. Katika miaka mingine hukauka kwa wiki chache, na katika mingine kwa zaidi ya siku 60. Viboko hubanana katika vidimbwi vilivyosalia, samaki hufa, na watu wa chini ya mto huchimba mchanga kutafuta maji.

Juu ya sababu za jambo hilo kumekuwa na mabishano makali. Wako wasemao kwamba mvua imepungua kwa mabadiliko ya tabia ya nchi. Wengine huwalaumu wakulima wa mpunga wa Bonde la Usangu, wengine wafugaji na ng'ombe wao, na wengine ukataji wa misitu. Kila upande umeleta takwimu zake. Si ajabu basi kwamba wako waliofikia kusema kuwa takwimu zote ni maneno ya wenye nguvu, na kwamba tarakimu huandikwa kumridhisha aliyeziagiza. Shaka ya namna hiyo yastahili kujibiwa kwa uchunguzi, wala si kwa kukemewa. Yafaa tangu mwanzo kutenganisha maswali mawili ambayo katika mabishano huchanganywa: la kwanza, je, kipimo chenyewe ni sahihi? La pili, je, sababu inayotajwa ndiyo sababu ya kweli? Mtu aweza kuwa na jibu zuri la swali la kwanza akapotea katika la pili.

Kupima mto

Tuanze na mto. Msembe ni makao makuu ya Hifadhi ya Ruaha, na mtiririko wa mto umekuwa ukipimwa hapo tangu miaka ya 1960. Mtoni husimamishwa ubao wenye alama za sentimeta, na msomaji huandika kina cha maji kwa saa zilizopangwa. Lakini kina si kiasi. Ili kujua ni meta ngapi za ujazo zipitazo kila sekunde, mtaalamu hana budi kuingia mtoni mara nyingi, maji yakiwa mengi na yakiwa machache, akapima upana, kina, na mwendo wa maji kwa chombo chenye panga dogo linalozungushwa na mkondo. Matokeo huchorwa katika grafu, kina upande huu na mtiririko upande ule. Baadaye msomaji huandika kina tu, na mtiririko hutafutwa katika grafu hiyo.

Hapa pana mlango wa kwanza wa shaka, nao ni shaka ya haki. Mito ya namna hii ina mchanga uhamao. Mafuriko yakirundika sentimeta 20 za mchanga penye ubao, kina kitasomwa kikubwa kuliko cha jana, ingawa maji yapitayo ni yale yale. Isitoshe, wakati wa mafuriko makubwa ni watu wachache wawezao kuingia mtoni na chombo. Kwa hiyo sehemu ya juu ya grafu mara nyingi hurefushwa kwa makisio. Maana yake ni kwamba tarakimu za mafuriko zina hitilafu kubwa kuliko tarakimu za maji ya wastani, na mtaalamu mwaminifu husema hivyo waziwazi.

Je, hitilafu hiyo yaweza kuangusha habari ya kwamba mto umekauka? Haiwezi. Mto uliosimama hauhitaji grafu. Mtu avukaye kwa miguu mikavu amepata kipimo cha sifuri kisichohitaji chombo, na hesabu ya siku za ukavu ni miongoni mwa takwimu zilizo ngumu kukosewa katika habari hii yote. Mwanafunzi na alitie jambo hili moyoni: hitilafu ya kipimo kimoja haihamishiki ikaharibu kila kipimo. Yapasa kuuliza ni kipimo gani, cha wakati gani, na kosa lake laweza kuwa kubwa kiasi gani.

Kupima mvua

Mvua yaonekana rahisi kuliko mto, kumbe ina mitego zaidi. Chukua kipimamvua cha kawaida ambacho mdomo wake una kipenyo cha milimeta 127. Maji yaliyoingia hupimwa kwa silinda ya kioo yenye alama zilizopangwa kwa mdomo wa ukubwa huo. Tuseme faneli imevunjika, na msimamizi, kwa nia njema kabisa, amenunua nyingine dukani yenye kipenyo cha milimeta 120, huku silinda ikibaki ile ile. Tofauti ya milimeta 7 yaonekana si kitu. Lakini maji hukusanywa na eneo la mdomo, nalo hufuata mraba wa kipenyo. Gawanya 120 kwa 127, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: utapata takriban 0.89. Kituo hicho sasa kitaandika asilimia 11 pungufu ya mvua inyeshayo. Mahali penye mvua ya milimeta 600 kwa mwaka pataandikwa milimeta 536 hivi, na mtu atakayesoma daftari baada ya miaka kumi atatangaza ukame ulioletwa na faneli.

Makosa mengine ni ya aina hiyo hiyo. Mwembe uliopandwa karibu na kituo hukua ukakinga mvua. Msomaji huugua, na mvua ya siku tatu huandikwa kama ya siku moja. Wakati mwingine mambo ya siasa huingia pia: hadi mwaka 1977 huduma ya hali ya hewa ya Tanzania, Kenya na Uganda iliendeshwa na idara moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika kila nchi ilibidi ijenge huduma yake. Mtafiti atumiaye kumbukumbu za miaka mingi hana budi kuuliza ni nani aliyekuwa akisoma, na kwa chombo gani.

Dawa ya makosa hayo ni kulinganisha kituo na majirani zake. Njia moja, iliyo nyepesi hata kwa kidato cha pili, ni hii. Chukua mvua ya kila mwaka ya kituo kinachoshukiwa, uijumlishe mwaka hadi mwaka bila kuanza upya. Fanya vivyo hivyo kwa wastani wa vituo vya jirani. Kisha chora jumla moja dhidi ya nyingine. Tarakimu zifuatazo ni za mazoezi tu. Majirani walipata wastani wa milimeta 600, 500, 700, 550, 650 na 600 katika miaka sita. Kituo kinachochunguzwa kilipata 540, 450, 630, 440, 520 na 480. Jumla za majirani ni 600, 1,100, 1,800, 2,350, 3,000 na 3,600. Za kituo ni 540, 990, 1,620, 2,060, 2,580 na 3,060. Mwanafunzi akichora ataona mstari ulionyooka kwa miaka mitatu, ambapo kituo hupata sehemu 0.9 ya majirani zake. Kisha mstari wapinda, na tangu hapo kituo hupata 0.8 tu.

Mvua ingekuwa imepungua kweli katika eneo zima, majirani wangepungua pia na mstari usingepinda. Kupinda kwake kwaonyesha kwamba kilichobadilika ni kituo chenyewe. Mtafiti sasa atatafuta katika daftari la kituo, na akikuta habari ya faneli mpya, atazidisha tarakimu za miaka mitatu ya mwisho kwa 1.125, yaani 0.9 ikigawanywa kwa 0.8.

Je, huko ni kughushi? Swali hili ndilo kiini cha mabishano mengi ya siku zetu, maana mtu wa nje huona tu kwamba tarakimu zilizoandikwa na msomaji si zile zilizochapishwa. Tofauti kati ya kurekebisha na kughushi imo katika mambo ambayo mtu yeyote aweza kuyakagua: tarakimu za awali zimehifadhiwa, sababu ya badiliko imeandikwa, kanuni iliyotumika ni moja kwa vituo vyote, viwe vyapandisha au vyashusha matokeo, na mtu mwingine akipewa daftari lile lile atafikia jibu lile lile. Likikosekana mojawapo ya hayo, mwenye shaka ana haki ya kubaki na shaka yake.

Dunia ilipata somo kubwa katika jambo hili mwezi Novemba 2009. Barua za kompyuta za watafiti wa tabia ya nchi wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, zilichukuliwa bila idhini na kutangazwa, wiki chache kabla ya mkutano wa mataifa wa Copenhagen. Wapinzani walidai kwamba takwimu za kuongezeka kwa joto duniani zimepikwa. Uchunguzi kadhaa ulifanywa. Ule ulioongozwa na Sir Muir Russell, uliotoa taarifa yake Julai 2010, uliona kwamba uaminifu wa wanasayansi hao hauna shaka, lakini ukawalaumu kwa kutokuwa wawazi vya kutosha kwa watu waliowaomba takwimu. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Jibu zito zaidi lilitoka kwa mtu aliyekuwa mwenye shaka mwenyewe: Richard Muller, mwanafizikia wa California, aliunda kundi lililorudia kazi yote kwa njia yake na kwa vituo vingi zaidi, na mwaka 2011 likatangaza ongezeko la joto la nchi kavu lililokaribiana sana na lile walilolipata watafiti wa kwanza.

Kutoka Usangu hadi Mtera

Watafiti wa idara nyingine ya chuo hicho hicho cha East Anglia walikuwa tayari wamefanya kazi katika Usangu, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro na taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa maji, katika mradi ulioitwa RIPARWIN ulioanza mwaka 2001. Kabla yao ulikuwapo mradi wa SMUWC, uliochunguza ardhi oevu ya Usangu na vyanzo vyake. Kazi hizo hazikupata ushahidi kwamba mvua ya bonde ilikuwa imepungua kwa kiasi cha kutosha kueleza kukauka kwa mto. Sababu kubwa waliiona katika maji yachepuliwayo wakati wa kiangazi.

Namna jambo hilo litendavyo kazi yastahili kufafanuliwa, maana ndani yake mna fumbo: ikiwa maji yalipungua kidogo kidogo, kwa nini mto ulikatika ghafla? Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na Ruaha wenyewe hushuka kutoka nyanda za juu hadi uwanda wa Usangu, ikajaza ardhi oevu ya Ihefu. Ihefu ni kama bakuli, na mdomo wa bakuli hilo ni kizingiti cha mwamba mahali paitwapo N'giriama. Maji yakiwa juu ya kizingiti, mto hupita kuelekea Msembe. Yakishuka chini yake hata kwa sentimeta moja, hakuna kinachotoka, ingawa bakulini mna maji tele.

Sasa weka jua juu ya bakuli hilo. Tuseme kwamba mwishoni mwa kiangazi maji yameenea kilometa za mraba 50, na kwamba milimeta 6 hugeuka mvuke kila siku. Hiyo ni meta za ujazo 300,000 kwa siku, au takriban 3.5 kwa sekunde. Mito ikileta 5 kwa sekunde, kizingiti kitapata ziada. Ikileta 3 tu, Ihefu itashuka siku hata siku na mto utakatika. Tofauti ya meta za ujazo 2, ambayo mfereji mmoja mkubwa waweza kuichukua, yatosha kuua mto wote wa chini. Hesabu za watafiti zilionyesha kwamba ili N'giriama pabaki na mtiririko mdogo wa nusu meta ya ujazo kwa sekunde, Ihefu yahitaji kupokea wastani wa takriban meta za ujazo 7 kwa sekunde wakati wote wa kiangazi. Mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali, Kapunga na Madibira, pamoja na mifereji mingi ya wakulima wadogo, yalikuwa yameongeza mabanio mwaka hadi mwaka. Na ajabu moja ni hii: mabanio ya saruji, yaliyojengwa ili kuokoa maji, yalikuwa na uwezo wa kuchepua mto karibu wote wakati wa kiangazi, kazi ambayo banio la zamani la miti na majani halikuiweza.

Umeme ulipoanza kugawiwa kwa zamu nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990, lawama zilielekezwa Usangu, kwa kuwa Ruaha hujaza Bwawa la Mtera na kuzungusha mitambo ya Kidatu. Hapa mwanafunzi aweza kujipimia mwenyewe. Kituo cha Kidatu kina uwezo wa megawati 204, na maji huanguka takriban meta 170. Kwa kanuni ya nguvu ya maji yaangukayo, na kwa kukisia kwamba mitambo hutumia vizuri asilimia 90 ya nguvu hiyo, kituo chahitaji karibu meta za ujazo 136 kila sekunde kikiendeshwa chote. Sasa tuseme kwamba mabanio ya Usangu yamechukua meta za ujazo 5 kwa sekunde kwa siku 120 za kiangazi. Jumla ni meta za ujazo milioni 52 hivi. Bwawa la Mtera likijaa huwa na takriban milioni 3,200. Maji hayo ya kiangazi ambayo kwa viboko na watu wa kando ya mto ni uhai, kwa Mtera hayafiki hata sehemu 2 katika 100. Maji ya masika yachukuliwayo na mpunga ni mengi zaidi, nayo yana hesabu yake. Tena wako watafiti waliochunguza uendeshaji wa bwawa wakaona kwamba namna maji yalivyofunguliwa ilichangia upungufu. Hata hivyo madai kwamba mto kukauka Oktoba ndiko kulikozima taa za Dar es Salaam hayapati msaada katika hesabu.

Mzigo wa hesabu mbovu

Kosa la kutaja sababu lina gharama, na mara nyingi hulipwa na mtu asiyekuwamo katika mkutano. Idadi ya ng'ombe wa Usangu ilikuwa ikitajwa kwa tarakimu kubwa sana, na hesabu iliyofanywa kutoka angani ilipata ndogo kuliko hizo. Uchunguzi haukuona kwamba mifugo ndiyo iliyokatisha mto. Pamoja na hayo, kati ya mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, wengi wakielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Malalamiko juu ya namna zoezi hilo lilivyoendeshwa yalikuwa makubwa hata Rais akaunda tume ya kuyachunguza. Mwaka 2008 Ihefu iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ng'ombe walitoka. Mto uliendelea kukauka.

Serikali ilikuwa imeahidi, kwa kauli ya Waziri Mkuu Frederick Sumaye mwaka 2001, kuunga mkono mpango wa kuufanya Ruaha Mkuu upite mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka huo ulifika na kupita. Aprili 2017 Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alizindua mjini Iringa kikosi kazi cha kitaifa cha kuokoa ikolojia ya mto huo.

Mtu asije akadhani, kwa sababu mvua haikuwa mshitakiwa mkuu katika kesi ya Ruaha, kwamba mabadiliko ya tabia ya nchi ni hadithi. Joto linaongezeka, na joto likiongezeka bakuli la Ihefu hupoteza mvuke zaidi hata kama mvua ni ile ile. Kilimanjaro kuna mfano wa makosa ya pande zote mbili. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walionyesha kwamba barafu ya mlima huo ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 80 tangu mwaka 1912, wakakisia kwamba yaweza kwisha kati ya 2015 na 2020. Wengine, kama Georg Kaser na Thomas Mölg, walitoa hoja kwamba sababu kubwa ya kupungua ni ukavu wa hewa ulioanza mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 2020 ulipita barafu ikiwapo bado, na wasioamini wakacheka. Lakini kilichokosewa ni utabiri wa tarehe. Kipimo cha kupungua hakikuguswa, na barafu imezidi kupungua. Kuhusu sababu, mjadala ni wa wataalamu wenye hoja pande zote.

Mwalimu wa jiografia au fizikia, awe Idodi au kwingineko, aweza kulifanya jambo hili kuwa kazi ya darasa. Vipimamvua vitatu na viwekwe mahali pa wazi, mbali na majengo na miti, vikiwa na faneli zenye vipenyo tofauti vilivyopimwa kwa rula. Kila asubuhi saa 3 makundi matatu yasome, kila kundi na daftari lake, bila kuonyeshana. Maji yapimwe kwa mililita, kisha mililita zizidishwe kwa 1,000 na kugawanywa kwa eneo la mdomo katika milimeta za mraba, ili kupata milimeta za mvua. Mwisho wa mwezi majibu yalinganishwe. Makundi yatatofautiana, na hapo mwalimu na awaache wanafunzi wabishane kwanza, kabla ya kuwaruhusu kufungua madaftari na kutafuta siku ambayo tofauti ilianza.